Sauti ya Kiboko

Kiboko alizaliwa Jumamosi, juu ya kitanda cha fundi masofa, kutokana na kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye makochi ya mteja ambaye hakurudi kuyachukua. Fundi alishonea ukingoni mwa kitanda kwa sababu chumba hakikuwa na mahali pengine pa kukaa. Karakana yake ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na mali yake yote, yaani cherehani, magunia ya sponji na fremu mbili za viti, ilihamia chumbani. Tangu siku hiyo mkewe alilala upande wa ukutani, yeye akalala amekumbatia mguu wa cherehani.

"Masikio hayatoshi," alisema mkewe. "Ongeza."

"Kiboko ana masikio madogo."

"Umemwona wapi?"

"Kwenye kalenda."

"Watoto hawatamwona kwenye kalenda, baba watoto. Watamwona mkononi mwangu, na wa nyuma kabisa lazima ajue hili ni sikio na hili si ua. Ongeza."

Fundi akaongeza. Ilikuwa kazi ya kwanza kupewa tangu karakana ibomolewe, na haikuwa na malipo, lakini mikono yake ilikuwa imechoka kukaa bure kuliko miguu inavyochoka kutembea.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule ya Kiingereza, ya binafsi, iliyokuwa zamani gereji ya magari. Mwenye shule, ambaye alipenda kuitwa Mkurugenzi hata na muuza maziwa, alikuwa amekwenda semina kwenye hoteli moja nzuri na kurudi na cheti, mfuko wa kitambaa wenye nembo, na imani mpya. Kiingereza, aliwaambia walimu, hakifundishwi tena kwa ubao. Kinafundishwa kwa vikaragosi na hadithi. Mwalimu mmoja akauliza vikaragosi viko wapi. "Ubunifu, walimu, ubunifu," alijibu Mkurugenzi. Pale shuleni neno hilo lilikuwa na maana moja tu: pesa hakuna.

Basi Mwalimu akabuni. Hadithi aliitunga mwenyewe akifua nguo. Kiboko amechoka na anatafuta pa kulala. Anakwenda kwa Kuku, anakwenda kwa Paka, anakwenda kwa Sungura, na kila mahali anauliza kwa adabu, "Mei ai sliip hia?", yaani naweza kulala hapa? Na kila mwenye kitanda humtazama juu hadi chini na kumjibu, "Nou! Yu a tuu big!" Hapana, wewe ni mkubwa mno. Kuku alipewa sauti ya kukwaruza, Paka sauti ya puani, Sungura ya haraka haraka, na Kiboko sauti nzito inayotoka chini kabisa ya tumbo. Sauti zote nne zilitoka koo moja, na koo hilo lilikuwa likishindana kutwa nzima na watoto arobaini kasoro kidogo, ndani ya chumba ambacho bado kilinuka oili.

Watoto walimpenda Kiboko kupita kiasi. Wiki ya kwanza haijaisha, baba mmoja alifika getini tai imekaa upande, akamkamata Mkurugenzi shati.

"Mtoto wangu kila akirudi anasema leo tumepata kiboko, kesho tutapata tena kiboko, kiboko kitamu! Mtoto wa miaka minne anaona raha kupata kiboko? Mmemfanya nini?"

Ikabidi Kiboko mwenyewe aletwe, ashikwe mguu, apapaswe masikio, ndipo baba yule akacheka mpaka akalazimika kuegemea geti.

Nyumbani Mwalimu alifanya mazoezi jioni huku Fundi akishona Kuku, Paka na Sungura. Mama mkwe wa Fundi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akisikiliza. Huyu alikuwa amekuja kuwatazama kwa siku chache baada ya ile bomoabomoa, na hizo siku chache zilikuwa hazijaisha. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na namna ya kusema jambo kana kwamba anazungumza na ukuta.

"Mtu ametengeneza viti vya nusu ya mji," aliuambia ukuta, "na kwake watu wanakalia ndoo."

Fundi aliendelea kushona. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa karaha yake.

*

Siku ya Wazazi ilipokaribia, shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilileta mwalimu mgeni kutoka nje, kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Hakuna aliyejua anafundisha nini. Asubuhi alisimama getini na kupunga mkono, na hilo peke yake lilitosha kuhamisha watoto.

Mkurugenzi alimwita Mwalimu ofisini. "Wao wana mzungu," alisema, "sisi tuna Kiboko. Jumamosi wazazi wanakuja, wapya na wa zamani. Nataka wasikie Kiingereza kinamwagika. Na mkataba wako, Mwalimu, unakwisha muhula huu. Nadhani tunaelewana."

Walielewana. Mwalimu alizidisha mazoezi. Alifundisha asubuhi, akarudia mchana, akawapigia watoto kelele za Kuku na za Paka mpaka vioo vikatetemeka. Jumatano jioni alirudi nyumbani, akafungua mlango, akafungua na mdomo ili abishe hodi, na kilichotoka kilikuwa upepo.

"Nini?" aliuliza Fundi.

Upepo tena.

Kwenye zahanati tabibu alimmulika kooni na tochi, akatikisa kichwa. "Usiseme hata neno moja. Hata kunong'ona usinong'one. Ukiilazimisha sauti hii, itakwenda usiione tena." Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Anafanya kazi gani?"

Mwalimu hakuweza kujibu, kwa hiyo Fundi akamjibia. "Anafundisha watoto kwa kiboko."

Tabibu aliiweka kalamu chini, akamtazama Mwalimu kwa jicho lisilo na huruma hata kidogo. "Basi koo limefanya vizuri," alisema. "Limewatetea watoto."

Njiani kurudi, Mwalimu alicheka kwa mabega tu, bila sauti, kisha katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka. Fundi alimshika mkono. Wote wawili walikuwa wanafikiria Jumamosi. Mshahara wa Mwalimu ndio uliokuwa unalipa chumba, sabuni, na ada ndogondogo za watoto wao wawili katika shule ya serikali, maana ile shule aliyofundisha yeye hawakuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto hata mmoja. Mwalimu akimwaga unga, nyumba nzima ingelala njaa.

Walipofika, Mwalimu alimchukua Kiboko juu ya gunia la sponji, akamvika mumewe mkononi.

"Mimi?" Fundi alicheka. "Mama watoto, mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye gud mohning."

Mkewe hakucheka. Alimtazama tu.

"Hata nikitaka, nitayajulia wapi hayo maneno?"

"Unayajua," mama mkwe akauambia ukuta. "Jana mtu alikuwa anakata sponji huku anasema yu a tuu big, yu a tuu big. Nikadhani ananitukana mimi."

Ilikuwa kweli. Wiki kadhaa za kushona huku mkewe akirudia hadithi zilikuwa zimemjaza maneno kichwani kama wimbo wa tangazo la redio, ule ambao mtu huuimba bila kujua anatangaza nini. Fundi alijaribu. Maneno yakatoka yenyewe, moja likimvuta jingine. Mwalimu alikaa mbele yake kama hakimu: akikosea alipiga kofi moja, akipatia alipiga mawili.

"Ai em veri, veri taed," alisema Fundi kwa sauti ya tumboni. Makofi mawili. "Lakini hii taed ndiyo nini?"

Mwalimu alijitupa kitandani, mikono huku, miguu kule, ulimi nje.

"Anaumwa?"

Kofi moja.

"Amekufa?"

Kofi moja, la nguvu.

"Amechoka, mwanangu," alisema mama mkwe, na safari hii alimtazama yeye, si ukuta. "Hata mimi nimeelewa."

*

Jumamosi waliweka turubai uani na kutundika shuka kati ya nguzo mbili. Mkurugenzi aliambiwa kwamba mume wa Mwalimu amekuja kushikilia shuka lisianguke. Mwalimu alikaa mbele na watoto, kitambaa kimezungushiwa shingoni, akitabasamu kwa kila mtu. Mkurugenzi hakugundua kwamba hasemi. Alikuwa mtu ambaye mazungumzo kwake yalikuwa ni yeye kusema na mwenzake kutikisa kichwa.

Fundi alipiga magoti nyuma ya shuka, Kiboko mkono wa kulia, Kuku wa kushoto, jasho likimchuruzika mpaka kwenye soksi. Mke wake alipiga kofi la kuanza.

Akaanza. Kiboko akatokea, uani kukalipuka vigelegele vya watoto. Akasema amechoka, amechoka sana. Akaomba kulala kwa Kuku. Kuku akamfukuza. Mambo yakaenda kama siagi, mpaka Kiboko alipofika mlangoni kwa Paka, na msichana mmoja mdogo akasimama.

Msichana huyu walimu walimwita Kwanini, kwa sababu ndilo neno alilotumia zaidi ya mengine yote. Alinyoosha mkono, kisha kama kawaida yake hakungoja aruhusiwe.

"Kiboko! Wai donti yu sliip in di wota?"

Alikuwa anauliza kwa nini Kiboko asilale kwenye maji, kama viboko wenzake. Lilikuwa swali la haki kabisa, na nyuma ya shuka hakuna aliyelielewa. Fundi alitafuta kichwani. Alichokuwa nacho ni sentensi sita. Akachagua iliyokuwa karibu.

"Ai em veri, veri taed."

Wazazi wakacheka. Kwanini hakucheka. "Yes. Bat wai donti yu sliip in di wota?"

Fundi alirudi kwenye zile sentensi zake sita. Akachukua sentensi nyingine. "Yu a tuu big!"

Kwanini, aliyekuwa mfupi kuliko wote darasani na aliyejua hivyo, alijishika kiuno. "Ai em not big! Ai em smoo! YU a big!"

"Shii is smoo!" mvulana mmoja akamtetea. Mwingine akasimama kumwonyesha Kiboko kwa vidole big ni nini na smoo, yaani mdogo, ni nini. Wa tatu akamweleza, polepole, kama mtu anavyozungumza na babu yake, kwamba maji ni mazuri, maji ni baridi, kwenye maji hakuna kuku. Kiboko hakuelewa lolote. Kila walivyozidi kumweleza ndivyo alivyozidi kuwajibu upuuzi, na kila alivyojibu upuuzi ndivyo walivyozidi kutafuta maneno mengine, wakapanda juu ya viti, wakasogelea shuka, darasa zima likimfundisha mnyama mmoja mjinga kwa Kiingereza kilichovunjika kila mahali na kinachokwenda mbio hata hivyo.

Mwalimu alikaa katikati yao mikono mapajani. Muhula mzima alikuwa amekazana Kiboko ajibu vizuri. Hakuwa amewahi kuwasikia watoto hawa wakisema hata nusu ya maneno haya. Aliduwaa, akafurahi, na ndani ya furaha kitu kikamchoma kidogo, maana waliokuwa wanaongea walikuwa wanafunzi wake, lakini waliongea na mtu mwingine.

Wazazi walisimama kupiga makofi. Mkurugenzi alilifunua shuka kwa mkono wake mwenyewe, akamvuta Fundi nje, magoti yakiwa na vumbi na kuku angali mkononi.

"Huyu!" alisema Mkurugenzi, ambaye dakika moja kabla alidhani mtu huyu ni nguzo ya kushikilia shuka tu. "Huyu ndiye!"

Baba mmoja mwenye miwani alimpa Fundi mkono na kumuuliza jambo refu kwa Kiingereza.

"Thenk yu," alijibu Fundi.

Baba yule aliwageukia wenzake. "Mmeona? Waliosoma kweli hawana maneno mengi."

*

Ofisini Mkurugenzi alimkalisha kwenye kiti ambacho, Fundi aliona mara moja, sponji yake ilikuwa imekufa upande wa kushoto.

"Kuanzia Jumatatu wewe ni Mtaalamu wa Lugha kwa Njia ya Vikaragosi," alisema Mkurugenzi. Akataja mshahara. Ulikuwa mkubwa kuliko wa Mwalimu, tena kwa kiasi cha kumfanya mtu asikie masikio yanapata moto.

"Mkurugenzi, mimi Kiingereza sijui."

"Nani amekuuliza hilo?"

"Nasema tu ili…"

"Kujua Kiingereza tunaye mkeo. Atakusaidia. Kwanza nimeambiwa sauti yake imeharibika. Mwalimu hana sauti, atafundishaje? Apumzike nyumbani muhula mmoja, bila malipo lakini bila presha. Wewe utashika darasa. Wazazi wamekupenda, bwana. Mwanamume, mtulivu, msomi."

Fundi alipaswa kusimama hapo hapo. Badala yake alikaa, kwa sababu tangu karakana ibomolewe hakuna mtu aliyekuwa amemwita bwana, na neno hilo lilimwingia mwilini kama chai ya moto kwa mtu aliyenyeshewa. Alijiona akirudi nyumbani na mshahara. Alimwona mama mkwe akiondoka kwao kwa amani.

"Nitafikiria," alisema, na neno lilipotoka alijua limekwisha kumfikisha mahali pabaya.

Habari zilimtangulia. Alipofika, mama mkwe alikuwa ameondoa magunia kwenye moja ya zile fremu na kuitandika mto. "Kaa, baba," alisema. "Umechoka." Akampa chai yeye kwanza, kabla ya binti yake. Fundi alikaa. Hakuwahi kukaa mahali pasipostarehesha namna ile.

Mwalimu alikuwa anakunja nguo za watoto. Alimaliza ya kwanza, akamaliza ya pili. Tabibu alikuwa amemkataza hata kunong'ona, lakini alinong'ona.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia sijui Kiingereza."

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia nitafikiria."

"Na ulikuwa unafikiria nini?"

Fundi alieleza. Alieleza kwamba pesa ni za nyumba moja, kwamba haidhuru zipitie mkono upi, kwamba yeye angekuwa mdomo tu na mkewe ndiye kichwa. Alisema mengi, na kila alipomaliza sentensi alingoja abishiwe. Ni vigumu sana kugombana na mtu asiye na sauti. Maneno yako yote yanabaki chumbani, unayasikia mwenyewe. Alisikia alivyosema "mdomo tu." Alisikia alivyosema "haidhuru." Mama mkwe aliyekuwa akimuunga mkono kwa kuitikia kwa kichwa alianza kupunguza kuitikia huko kidogo kidogo, kisha akaacha kabisa, akamtazama binti yake.

Mwalimu alikunja shati la mwisho. "Ile hadithi," alinong'ona, na sauti ikakatika, akaanza upya. "Ile hadithi ni yangu."

Hakusema tena. Jumapili nzima hakupiga hata kofi moja.

*

Jumatatu asubuhi wazazi wapya walikuwa wengi kuliko viti. Mkurugenzi alimshika Fundi bega na kumsimamisha mbele yao. Fundi alikuwa amevaa koti lake la harusi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, kitambaa shingoni, kama mtu aliyekuja kuchukua vitu vyake.

"Mtaalamu wetu atasema mawili matatu," alisema Mkurugenzi.

Fundi alijikaza kisabuni. "Ndugu wazazi," alisema, "mimi ni fundi masofa. Shule niliacha mapema, na Kiingereza sikijui. Jumamosi yule mtoto aliniuliza kitu sikukielewa, na mpaka leo sijui aliniuliza nini. Kiboko nilimshona mimi. Hadithi, maneno na yale yote mliyoyasikia kwa watoto ni kazi ya mke wangu, yule pale mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka."

Kisha baba mwenye miwani akaanza kupiga makofi.

"Unyenyekevu," alisema. "Watu wa namna hii wamebaki wachache."

Makofi yakaenea. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba hiyo ndiyo mbinu yenyewe, mwalimu anajifanya mjinga ili mtoto ajione mwerevu, ameisoma mahali. Fundi alirudia kwamba hajajifanya. Wakampigia makofi zaidi. Alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba msamaha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akaona kona ya mdomo wake ikicheza.

Ni mzazi mmoja tu aliyemwamini, mama yake Kwanini. Alimfuata pembeni. "Kweli wewe ni fundi masofa? Nina makochi manne yamekatika springi, na hakuna fundi anayetimiza ahadi." Fundi alisema atakwenda kuyaona jioni hiyo hiyo. Hakuwa amewahi kumpenda mtu asiyemjua kwa haraka kiasi hicho.

Wakati huo kengele ililia na watoto wakaingia darasani. Mwalimu aliwatazama wakikaa, wadogo, wenye pua mbichi na soksi zisizolingana, na akasahau tabibu. Alifungua mdomo ili awasalimie kama kila asubuhi.

"Gud mohning, childreni."

Ilikuwa sauti iliyoanza kurudi, lakini ilikuwa imerudi nusu tu. Ilitoka nzito, yenye kokoto, kutoka chini kabisa.

Watoto waliganda. Kwanini alisimama polepole, akamkagua mwalimu wake kuanzia miguuni, akainama mpaka akamwona vizuri mdomo.

"Kiboko?" aliuliza.

"Yes," ilijibu sauti ile.

Wakamvamia. Walimpanda magotini, wakamshika koo kusikia sauti inapotokea, wakamwambia wote kwa pamoja kwamba yeye ni mbaya, kwamba yu a hia, kwamba alikuwa ndani ya Mwalimu siku zote na hawakujua, na alilala wapi juzi, na je, aliyapata maji? Mwalimu, ambaye sasa alishajua siri ya mambo, hakuwaelewa hata mmoja. "Wota?" aliuliza. "Wot is wota?" Na darasa zima likaanza kumweleza.

Wazazi walikuwa wamejaa madirishani. Mkurugenzi alikuwa katikati yao, mkono wake ungali umemwelekea Fundi. Aliuhamisha bila kupepesa macho mpaka ukamwelekea Mwalimu.

"Kama mnavyoona wenyewe," alisema, "mtaalamu wetu yuko kazini."

*

Mwalimu alipewa kile cheo, pamoja na urefu wake wote. Mshahara Mkurugenzi aliupunguza kidogo kuliko ule aliomwahidi mumewe, akieleza kwamba sauti yenyewe haijakamilika. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha sponji mfu, hakutia saini, hakuondoka, akamtazama tu. Alikuwa amejifunza wiki ile kwamba kimya kina kazi yake. Mkurugenzi aliongea, akajijibu, akajipinga, na mwisho akairudisha ile tofauti mwenyewe.

Fundi alimaliza makochi ya mama Kwanini, na jirani wa mama Kwanini naye akamwita. Alipata kona ya kufanyia kazi nyuma ya duka la mbao, cherehani ikatoka chumbani. Mama mkwe aliona mambo yamekaa sawa, akafunga mizigo, akasema atarudi baada ya siku chache, na mkwewe akambebea mizigo hiyo mpaka kituoni kwa furaha asiyoweza kuificha vizuri.

Sauti ya Mwalimu ilirudi yote. Asubuhi aliyoingia darasani nayo, nyembamba na safi, watoto walitazama huku na huku, kisha wakamuuliza Kiboko amekwenda wapi. Alijaribu kuiiga ile sauti ya kokoto. Walimsikiliza kwa heshima, hawakudanganyika, na kwa siku kadhaa Kiingereza kikapungua darasani kama maji ya bomba.

Mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa na uso wa mtu mwenye kujali.

"Mwalimu, samahani kwa kuuliza. Haiwezekani sauti ikakauka tena? Kidogo tu. Kama ile ya Jumatatu."

Mwalimu alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Inawezekana, Mkurugenzi," alisema. "Niongezee watoto ishirini darasani, uone kama haitakauka."

Jioni alimpitia mumewe kwenye kona yake ya kazi, akamsimulia, wakacheka mpaka Fundi akatema misumari aliyokuwa ameishika midomoni.

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa ameliandika lile wazo. Jumatatu aliwaleta ishirini na wawili, na viti vyao, na kufikia Alhamisi Kiboko alikuwa amerudi.